"Dogon A.D." ya Julius Hemphill: kuhesabu 11/16, kuziba pengo la sello, na kupiga huru bila kuua mdundo

mwanzi_alto

Wakuu, salamu.

Sisi ni wanne: saksafoni ya alto, tarumbeta, gitaa la besi na drams. Tunataka kuupeleka jukwaani "Dogon A.D." wa Julius Hemphill, mpiga saksafoni wa jazi, ule wimbo wa kwanza wa albamu yake ya 1972 yenye jina hilohilo. Tunautaka mzima, sio dakika nne za kuonjesha. Kwa ambaye hajausikia: sello na drams zinashikilia mdundo mmoja mzito, karibu wimbo wote, na juu yake saksafoni na tarumbeta zinapiga huru, hakuna mfuatano wa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) wala idadi ya mizunguko iliyopangwa kwa kila solo. Kuusikiliza hakuna shida. Kuupiga ndiko kunakotutoa jasho.

Shida ya kwanza ni hesabu. Tunajua ni 11/16 na tunaanza vizuri, lakini baada ya muda kidogo wimbo unageuka 3/4 ya kawaida na kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Ya pili, sello hatuna, na besi ikijaribu ile rifu (kipande kifupi kinachorudiwarudiwa) ya nyuzi mbili kwa pamoja inatoka ngurumo isiyoeleweka. Ya tatu ndiyo kubwa: alto ikianza kwenda huru, drams zinaifuata, sauti inapanda na mdundo unakufa. Tukimzuia mpiga drams asifuate, solo inakauka, inakuwa kama mtu anapiga juu ya mashine. Mpaka uko wapi?

Na la pembeni: nasikia siku ileile ya kurekodi kulipigwa wimbo wa nne. Toleo letu lina nyimbo tatu tu. Uko wapi?

---

kijiti_na_snea

Mkuu, la kwanza likitatuliwa, nusu ya la tatu imekwisha. Ngoja nianze hapo.

Mzunguko mmoja una mapigo madogo 11, yamegawanyika 4+4+3. Sikio linasikia mapigo makubwa matatu: refu, refu, fupi. Hilo la tatu limepungukiwa robo yake, na utamu wote umekaa hapo. Mwili unasubiri pigo dogo la kumi na mbili, kumbe mzunguko mpya umeshaanza.

Msihesabu kwa namba. Kuanzia "moja" hadi "tisa" kila namba ina silabi mbili, halafu "kumi na moja" inakuja na silabi tano nzima. Kwa mwendo wa wimbo huu ulimi hauwezi kuimaliza kabla ya "moja" inayofuata, kwa hiyo anayehesabu hivyo lazima aucheleweshe mwisho wa mzunguko. Tumieni maneno: taratibu, taratibu, haraka. Silabi 4, 4, 3, kila silabi pigo dogo moja. Angalizo: kwa kawaida tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, taraTIbu, haRAka. Mkiyasema hivyo mguu utavutwa katikati ya kundi badala ya mwanzo wake. Lazimisheni mkazo mbele: TAratibu, TAratibu, HAraka. Pigeni makofi kwenye TA, TA na HA, ala zote zikiwa chini, mpaka makofi yaweze kuendelea hata mkinyamaza.

Halafu ndiyo metronomu, kile kifaa kinacholia kwa mwendo usiobadilika. Iwekeni ilie kila baada ya mapigo madogo manne, mkianzia milio 60 kwa dakika. Kwa kuwa 11 haigawanyiki kwa 4, mlio utakuwa unatembea ndani ya mzunguko. Mzunguko wa kwanza utauangukia kwenye pigo la 1, la 5 na la 9. Wa pili, 2, 6 na 10. Wa tatu, 3, 7 na 11. Wa nne ni 4 na 8 tu. Wa tano mlio unarudi nyumbani kwenye 1. Kwa hiyo mizunguko 4 ni milio 11 kamili, na hiki ndicho kipimo cha kumaliza ubishi wenu wa nani kavuta: rekodini mazoezi kwa simu, mhesabu milio kutoka mwanzo wa mzunguko wa kwanza hadi mwanzo wa wa tano. Ikiwa 11, mko salama. Ikiwa 12, mmeshahamia 3/4, kila mzunguko umeongezewa pigo dogo moja. Ikiwa 10, kuna mtu anaikata "haraka" na kuifanya mapigo mawili.

Kwa 60, mzunguko mmoja unachukua sekunde 2.75. Kwa 80, ni sekunde 2 na punje. Pandeni kwa hatua ya 4 na msipande kabla hamjapiga mizunguko 16 mfululizo bila kuyumba. Mwendo wa rekodi yenyewe mnaweza kuupima: pimeni kwa saa muda wa mizunguko 10, gawanyeni sekunde kwa 10, kisha 165 igawanyeni kwa jibu hilo. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye metronomu.

Kwa drams, mifupa ya kuanzia mazoezi iwe hii, na siyo nakala ya alichopiga Philip Wilson, mpiga drams wa rekodi ile: kiki (dramu kubwa ya mguu) kwenye 1 na 9, snea (dramu ndogo kali ya mbele) kwenye 5, haihati (matoazi mawili yanayofunga) kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Angalieni kinachotokea mwishoni: haihati ya 11 na ya 1 zinagusana, hakuna nafasi kati yake. Huo mgusano ndio alama ya mzunguko kufunga. Mpiga drams akiona haihati zake zote zina nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ajue ameshaingia kwenye 12.

Na asijaze. Kosa kubwa kuliko yote ni kupiga mapambo kwenye kundi la mwisho, mkono ukitoka snea kwenda tomu ya chini. Safari ya mkono inakula muda, na muda huo unalipwa kwa pigo dogo moja la ziada. Wilson alitoka kwenye bendi ya bluzi ya Paul Butterfield, na pia alikuwa amepiga na Roscoe Mitchell, mpiga saksafoni wa jazi huru, kule Chicago. Pande zote mbili zinasikika kwake: anapiga machache, mazito, na anaacha uwazi ambao wenzake wanauhitaji.

---

upinde_na_ulimbo

Nitajibu la sello, ila kwanza niseme jambo kuhusu metronomu. Zoezi la mlio unaotembea ni zuri kwa kukagua. Kwa anayejifunza mara ya kwanza linachanganya. Aanze na mlio kwenye kila pigo dogo (240 kwa mwendo wa 60), akaze TA, TA, HA mwenyewe, na aje kwenye zoezi la @kijiti_na_snea baadaye.

Sasa sello. Abdul Wadud, mpiga sello wa rekodi ile, anaipiga rifu kwa upinde, nyuzi mbili kwa pamoja, kwa mkwaruzo unaofanana na fidla ya bluzi kuliko sello ya okestra. Mkwaruzo ule una kazi. Kila pigo linaanza na kelele kavu inayoonyesha saa, kisha sauti inafuata. Mkiiga noti bila mkwaruzo, mdundo unakuwa laini na wapulizaji hawana pa kuegemea.

Gitaa la besi linatoa ngurumo kwa sababu ya kimo cha sauti. Uzi wa chini wa sello ni C ya takriban hezi 65, wa besi ni E ya takriban hezi 41. Nyuzi mbili zikilia pamoja kule chini, masikio hayazitenganishi. Hameni juu. Tano safi (umbali wa noti tano, kama D hadi A) kwenye besi ni kidole cha kwanza uzi wa D freti ya 12, na cha tatu uzi wa G freti ya 14 (hapo mnapata D na A, nimetoa mfano wa mkono tu, noti zenyewe zitoeni kwenye rekodi). Msizitumie nyuzi za E na A kwa nyuzi pacha. Kwenye ampu kateni kila kitu chini ya hezi 100, ongezeni kidogo karibu na 800, na muweke ovadraivu (mkwaruzo wa ampu) ndogo tu ili mwanzo wa noti uwe na meno. Mkono wa kulia ukae karibu na brichi (daraja linaloshikilia nyuzi). Kwa kuwa besi imepanda, sakafu ya wimbo inabaki kwa kiki: ilegezeni ngozi yake kidogo na mpunguze blanketi ndani.

Mkipata besi kubwa ya mbao na upinde, kuna mtego ambao unawaangusha watu wazuri. Mapigo makubwa ni matatu. Ukipiga shuka, panda, shuka, mzunguko unaofuata unaanzia kwenye kupanda, na unaofuata tena unaanzia kwenye kushuka. Upinde unaoshuka una uzito zaidi, kwa hiyo TA ya kwanza inakuwa na nguvu mzunguko mmoja na dhaifu mzunguko wa pili, na msikilizaji anasikia 22 badala ya 11. Dawa: kundi la mwisho ligawe kwa mikono miwili, yaani miendo miwili ya upinde, mapigo mawili ukishuka na moja ukipanda. Sasa mikono ni minne kwa mzunguko (shuka, panda, shuka, panda) na kila mzunguko unaanza kwa kushuka. Faida nyingine ni kwamba ule mpando mfupi wa mwisho unaangukia pigo la 11, palepale haihati inapogusana.

Kwa mkwaruzo: upinde karibu na brichi, mwendo wa polepole, uzito wa mkono wote. Ukiuendesha haraka karibu na brichi bila uzito, utapata filimbi. Ulimbo usizidi, mipako minne au mitano kabla ya kupiga inatosha; ukizidi, nyuzi zinashika vumbi na sauti inakuwa ya mchanga. Na kwa mliopo Pwani, unyevu unarefusha nywele za upinde, kwa hiyo kazeni kabla ya kila kipindi na mlegeze mkimaliza.

Njia nyingine msiyoitaja: tafuteni mpiga sello. Vikundi vya taarab asilia vya Zanzibar vina sello na besi ya mbao tangu zamani, na chuo cha Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe kinafundisha muziki tangu 2002. Mpiga sello wa taarab tayari anajua kushikilia mdundo huku kanuni (ala ya nyuzi nyingi) au fidla ikizunguka juu yake kwa uhuru. Kitakachokuwa kigeni kwake ni lile pigo lililokatwa mwishoni, na TAratibu, TAratibu, HAraka itamweka sawa.

---

shaba_kavu

La tatu naomba nilichukue mimi, maana hapa ndipo wapulizaji wengi wanapokosea kisha lawama zinakwenda kwa drams.

Neno "huru" kwenye wimbo huu lina mipaka yake. Mpulizaji yuko huru na kodi, yuko huru na urefu wa solo, yuko huru na aina ya sauti: anaweza kulia, kupasua, kunong'ona. Hayuko huru na mzunguko. Anaruhusiwa kuupuuza, lakini haruhusiwi kuwalazimisha wenzake wauache. Na hiki ndicho kinachoufanya wimbo uwe na nguvu. Hemphill anapovuta noti ndefu iliyopinda juu ya mdundo usiopinda, unasikia vitu viwili vinavutana. Drams zikimfuata, hakuna tena cha kuvutana nacho, na noti ileile iliyokuwa inauma inakuwa kelele tu.

Kwa hiyo, mpaka uko wapi? Uko ndani ya mwili wa mpiga drams. Mgawanye. Mguu wa kulia na haihati ni mali ya mzunguko, haviguswi. Mkono unaopiga snea una ruhusa ya kuongea na mwenye solo: ghosti (mapigo hafifu) ndogondogo, ukingo wa snea, raidi (toazi kubwa) badala ya haihati kwa mizunguko michache. Namna hiyo solo haitakauka, kwa sababu mwenye solo anajibiwa, na mdundo hautakufa, kwa sababu anayejibu ni mkono mmoja tu. Jibu liwe la wingi wa noti, lisiwe la sauti kubwa. Sauti ikipanda, besi inaongeza ampu, tarumbeta inasogelea maiki, na hapo hakuna anayemsikia mwenzake. Wekeni dari: sauti ya juu kabisa ya drams iwe ile ambayo besi bado inasikika ikiwa imezimwa kwenye spika za mbele na imebaki na ampu yake tu.

Wapulizaji nao wana kazi zao mbili.

Ya kwanza ni pumzi. Karibu kila mtu anavuta pumzi mwishoni mwa mzunguko, ndani ya HAraka, kwa sababu misemo mingi inaishia hapo. Pumzi inahitaji muda, na muda unatoka kwenye lile kundi fupi, hivyo anaporudi yuko nyuma kwa pigo dogo moja na anawavuta wote. Fanyeni zoezi la kuvuta pumzi kwenye TAratibu ya pili na kuanza msemo kwenye HA. Litaonekana la ajabu mara chache za mwanzo. Baadaye misemo yenu itaacha kuanzia kwenye 1, na hilo peke yake linaifanya solo isikike huru.

Ya pili, jifunzeni kupishana kwa makusudi. Chukueni msemo wa mapigo madogo 12 na mrudierudie juu ya mzunguko wa 11. Kila ukirudia unaanza pigo moja mbele zaidi: 1, kisha 2, kisha 3. Msemo ukipigwa mara 11, mzunguko umepita mara 12, na mnakutana tena kwenye 1. Anayeweza kufanya hivyo akiwa anasikia kiki hawezi kuwa tishio kwa mdundo, maana anajua yuko wapi hata anapokuwa mbali nao.

Kuhusu urefu: kwa 80, dakika 14 na nusu ni mizunguko takriban 420. Hakuna anayehesabu hiyo. Kubalianeni ishara. Mwenye solo akitaka kutoka, anapiga kipande cha kwanza cha kiitikio cha wimbo, mara moja, kwa sauti safi, na kuinua mdomo wa ala. Drams na besi hazibadiliki hata kidogo. Mizunguko miwili kamili inapita, na wa tatu ndipo alto na tarumbeta zinaingia pamoja. Hiyo miwili ni muhimu sana, kwa sababu anayesubiri anahitaji muda wa kutoa ala begani na kulowesha mdomo. Mkiingia mara moja, mmoja atachelewa.

Noti: mkitoa wimbo kwa piano, D ya piano ni B kwa alto na E kwa tarumbeta. Na wakati wa kiitikio msiungane kama kwaya ya mashindano. Hemphill na Baikida Carroll, mpiga tarumbeta wake, wanaacha kila mmoja asikike na sauti yake, kingo hazijalainishwa, na ni sawa hivyo.

---

mwanzi_alto

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. @shaba_kavu, wazo la kumgawanya mpiga drams kwa viungo litatufaa. Lakini ana swali lake: mwenye solo akifumba macho na kusahau ishara, yeye afanye nini? Na je, akihisi mdundo umeshapotea katikati ya onyesho, anauokoaje bila watu kujua?

---

kijiti_na_snea

Akiona mdundo umeyumba, asiongeze. Apunguze. Aache snea na raidi, abaki na kiki kwenye 1 tu kwa mizunguko minne. Pigo moja zito kila baada ya mapigo 11 halina utata, na kila aliyepotea anajua lile ni 1. Besi nayo ipige TA ya kwanza tu. Kisha warudishe snea kwenye 5, mwishoni haihati. Kwa msikilizaji inasikika kama wamefungua nafasi kwa makusudi, na muziki wa aina hii unaipokea vizuri nafasi ya namna hiyo. Kinachowaangamiza watu ni kupiga kwa nguvu zaidi wakitumaini wenzao watasikia. Wakiwa wengi wamepotea, sauti kubwa inaongeza tu idadi ya majibu yaliyo makosa.

Kwa macho yaliyofumbwa: mpiga drams asimsubiri. Mwenye solo ndiye anayetafuta njia ya kutoka, na hiyo ndiyo faida ya ishara kuwa ya sauti, siyo ya macho. Kile kipande cha kiitikio kinasikika hata gizani.

---

rafu_ya_santuri

Swali la toleo. Albamu ilirekodiwa Februari 1972 St. Louis, Missouri, ikatoka mwaka huohuo kwa Mbari, lebo ya Hemphill mwenyewe. Nakala hizo za kwanza ni adimu. Arista Freedom waliitoa tena 1977, na ndiyo santuri ambayo wengi wameijua. Zote mbili zina nyimbo tatu: "Dogon A.D.", "Rites" na "The Painter". Wapigaji ni Hemphill (alto na filimbi), Baikida Carroll (tarumbeta), Abdul Wadud (sello) na Philip Wilson (drams).

Wimbo wa nne ni "The Hard Blues", una dakika 20 hivi, na Hamiet Bluiett anaongezeka kwa saksafoni ya baritoni, kwa hiyo wanakuwa watano. Santuri ya inchi 12 inabeba takriban dakika 20 hadi 25 kila upande kabla sauti haijaanza kupungua nguvu, na nyimbo tatu zilikuwa zimeshazijaza pande zote mbili. Wimbo huo ukatoka 1975 kwenye albamu nyingine ya Hemphill, kisha CD ya International Phonograph ya 2011 ikaviunganisha vyote vinne. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Kwa onyesho lenu nashauri muupige na "The Painter", siyo "Rites". "Rites" ni wa kasi na mdundo wake hautulii, na baada ya dakika 14 za alto midomo haitakuwa na kitu. "The Painter" una filimbi na umetulia zaidi, unampa mpulizaji misuli tofauti. Kama mwenye alto hapigi filimbi, basi upigeni "The Painter" kwanza, mmalizie na "Dogon A.D."

Inafaa pia kujua huyu mtu alitoka wapi, maana inaeleza sauti yenyewe. Hemphill alizaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1938, mji uleule wa mpiga saksafoni Ornette Coleman, na bluzi ya Texas haikumtoka kamwe. Kule St. Louis alikuwa katika Black Artists' Group, kundi lililoanzishwa 1968 na kuwaweka pamoja wanamuziki, wachezaji dansi, waigizaji, washairi na wachoraji. Mtu anayepiga muziki pembeni ya wachezaji dansi anajifunza kwamba mdundo ni sakafu ya miguu ya mtu mwingine, na anajifunza vilevile kwamba sakafu hiyo si lazima iwe ya 4. Baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa World Saxophone Quartet, pamoja na Oliver Lake, Bluiett na David Murray.

Mkitaka kusikia njia nyingine za tatizo hilihili: Ornette Coleman na kundi lake la wanne la 1959, hakuna piano wala kodi za kufuata, ila drams na besi zinatembea kwa swing. "Conference of the Birds" ya Dave Holland, iliyorekodiwa New York mwishoni mwa 1972 akiwa na Sam Rivers, Anthony Braxton na Barry Altschul: wimbo wenye jina la albamu ni wa 5 na umeandikwa kwa uangalifu, kisha nyimbo nyingine zinafunguka kabisa. Na "O'Neal's Porch" ya William Parker, pamoja na Hamid Drake, Rob Brown na Lewis Barnes. Kwa mpiga drams wenu hiyo ya mwisho ni darasa tosha: msikilizeni Drake anavyojibu solo kwa mikono huku mwendo haumponyoki. Vijay Iyer naye aliurekodi "Dogon A.D." na trio yake kwenye "Historicity" ya 2009, piano, besi na drams tu. Isikilizeni kwa ajili ya besi, halafu mrudi kwa Wadud.

---

upinde_na_ulimbo

Naongeza kwa rekodi ya kutoa noti: msikilize kwa hedifoni na mpunguze kasi hadi asilimia 60 kwa programu yoyote inayopunguza mwendo bila kushusha kimo cha sauti. Chini ya asilimia 50 mkwaruzo wa upinde unageuka ukungu na hamtasikia noti ya ndani ya zile mbili. Iandikeni noti ya juu kwanza, kisha mtafute ya chini kwa kujaribu tano na nne kwenye ala yenyewe. Sello hufungwa C, G, D, A, nyuzi jirani zimeachana kwa tano, kwa hiyo tano ni kidole kimoja kimelala juu ya nyuzi mbili, au nyuzi wazi kabisa. Besi imefungwa kwa nne. Kitu kilichokuwa rahisi kwa Wadud ni kigumu kwa besi, na nne ndiyo inayokuwa rahisi kwenu. Msidanganyike mkachukua nne kwa sababu mkono unaipenda.

---

mwanzi_alto

Hilo la tano na nne ndilo tulilokuwa tumekosea, nimelijua sasa hivi nikisoma. Ukumbi wetu ni mrefu na una mwangwi. Kuna la kuangalia?

---

kijiti_na_snea

Lipo, na kwa wimbo huu ni kubwa kuliko kwa mwingine. Sauti inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 80, pigo dogo moja ni sekunde 0.19, muda ambao sauti inasafiri kama mita 64. Kwa hiyo ukuta wa nyuma ukiwa mita 32 kutoka jukwaani, snea yenu itagonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa pigo dogo moja kamili. Masikio yatasikia snea ya pili, na mwili utaisubiri ili uendelee. Hapo mtakuwa 12 na hakuna aliyekosea mkono.

Pimeni ukumbi kwa hatua kabla ya siku yenyewe. Ukuta ukiwa karibu na umbali huo, badilisheni mwendo kwa 6 au 8 juu au chini, ili mwangwi usiangukie sawasawa kwenye pigo na msiufuate. Drams na besi wakae ndani ya mita mbili, wakitazamana, na ampu ya besi ielekee kwenye sikio la mpiga drams, siyo kwa watu. Alto na tarumbeta wasimame mbele ya kiki, sio pembeni yake. Na kama mna mapazia mazito, yote yapelekeni ukuta wa nyuma. Mengine ya jukwaani hayana kazi kwenye wimbo huu.